Bustani Yenye Bomba Linalovuja

Agosti 21

Nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu, hata Mama. Kila asubuhi ninapoamka namwombea Delphine Rask apatwe na mafua. Si ugonjwa mkubwa. Mafua tu, ya kumkausha sauti hadi katikati ya Septemba, ili kwenye matembezi ya Jumamosi asiweze kutaja ndege kabla yangu.

Sababu ni Kisiwa cha Gannon. Kule kuna kituo cha ndege, na kila mwaka kikundi chetu cha watazamaji humpeleka kijana mmoja akakae mpaka majani yaishe mitini, akiwavisha pete za namba miguuni waimbaji, ndege wadogo wanaovuka Ziwa Erie kwenda kusini. Mwaka huu tumebaki wawili, mimi na Delphine. Nimemaliza shule Juni, nauza aiskrimu kwenye kibanda cha gati, na hakuna kitu kingine ninachokitaka duniani. Nikilala nasikia mabawa.

Bwana Harlan Voight, anayetuongoza, ametueleza kamati itatazama nini: nani anaona na nani anataja. Kwetu, ndege usiyemtaja kwa sauti mbele ya wenzako hahesabiwi kuwa wako. Kuona ninaona. Kutaja ndiko kunakonishinda. Neno linafika kooni na kukaa pale kama kipande cha mkate mkavu, na kabla sijalimeza Delphine ameshapaza sauti.

Agosti 22

Upepo wa kusini. Joto. Hakuna ndege. Nimeuza aiskrimu.

Agosti 23

Jana jioni mvua ya radi ilipita na upepo ukageukia kaskazini. Asubuhi mierebi iliyo karibu na mnara wa taa ilikuwa inatikisika yenyewe, bila upepo. Walikuwa wao. Walisafiri usiku kucha, wakaliona ziwa mbele yao, wakashuka kula kabla ya kuvuka. Kila tawi lilikuwa na mtu wake.

Mwezi wa Mei kumjua mwimbaji ni kazi rahisi, kila dume limevaa nguo za harusi. Sasa wote wamevaa za kazini: kijani kilichofifia, manjano iliyofifia, mstari mmoja bawani, miwili bawani. Utosi-mweusi hana utosi mweusi. Kifua-hudhurungi hana hudhurungi yoyote, labda doa dogo ubavuni kama chai iliyomwagika. Ndiyo maana naupenda msimu huu kuliko wa Mei. Lazima utazame kweli.

Niliona miguu. Wa kwangu alikuwa na nyayo za manjano, kwa hiyo alikuwa utosi-mweusi, nilikuwa na hakika. Nikafungua mdomo. "Utosi-mweusi, tawi la tatu, anashuka!" Delphine huyo, na kofia yake ya rangi ya chungwa inayoonekana mpaka Kanada. Halafu akanigeukia. "Bubu, naona midomo inacheza. Unasali au una habari?"

Watu wakacheka. Nami nilicheka, kwa sababu nisingecheka ningelia.

Agosti 26

Kusini. Hakuna.

Agosti 27

Kusini. Hakuna. Mkia-moto mmoja juu ya pipa la taka la kibanda, akidaka nzi. Mteja aliniuliza mara mbili kama kuna vanila au hapana, mimi namtazama ndege.

Agosti 30

Mama alinituma nimpelekee Bi. Kertesz nyanya zetu. Bi. Kertesz anakaa nyumba ya tano kutoka kwetu, ni mjane, na watoto wa mtaa wanamwogopa. Watazamaji ndege wanamwogopa zaidi. Miaka minne iliyopita ndege adimu alishuka kwenye ua wake, habari zikaenda, na kufikia mchana umati mzima ulikuwa umesimama juu ya maua yake. Mmoja alipanda juu ya pipa. Mwingine alielekeza darubini yake kubwa ya miguu mitatu kwenye dirisha ambako, wakati huohuo, Bi. Kertesz alikuwa akimwogesha mumewe aliyekuwa mgonjwa. Mzee alifariki majira ya baridi yaliyofuata. Tangu hapo kuna ubao getini: WENYE DARUBINI WAPITE MBALI.

Darubini yangu ilikuwa shingoni. Niliisahau pale kama mtu anavyosahau miwani. Aliitazama, akazitazama nyanya, akaniuliza kama huwa naongea. Nikamwambia kidogo. Akataka kujua ni kidogo kiasi gani. Sikupata jibu, nikabaki nimesimama.

"Kidogo hivyo?" alisema. "Basi pita jikoni."

Agosti 31

Sijui niandikeje. Nyuma ya nyumba kuna bomba la bustani ambalo marehemu alikuwa akisema kila mwaka atalitengeneza. Linavuja, tone baada ya tone, kwenye beseni la zamani, na maji yanafurika hadi chini ya miti ya matunda madogo meusi iliyoachwa ijiotee. Sisi watazamaji hutoboa ndoo na kuzitundika mitini ili maji yadondoke hivyohivyo, kwa sababu mwimbaji mdogo anaisikia sauti ya tone akiwa mbali. Bi. Kertesz hajatundika chochote. Hajalitengeneza bomba la mumewe, basi.

Niliketi kwenye dirisha la jikoni. Koo-moto, mkia-moto, mweusi-na-mweupe anayetembea kwenye shina kichwa chini, wote wanaoga beseni moja kama watoto. Bi. Kertesz alikuwa anakata pilipili hoho na hakuniuliza majina yao. Nilipoondoka aliniambia nikija kesho nivue viatu.

Septemba 3

Kaskazini. Nimevua viatu.

Septemba 4

Kaskazini bado. Bi. Kertesz amenipa mkate wa jozi, zile kokwa zenye ganda gumu. Wale wa koo jeusi walikuja saba au wanane pamoja. Nilisahau kwenda kibandani, mwenye kibanda amenigombeza.

Septemba 6

Leo nimetaja.

Tulikuwa kumi na kitu chini ya mierebi. Niliona moto wa manjano juu kabisa, karibu na kilele, ukigeuka kwenye jua, na kabla hofu haijaamka nikasikia sauti yangu mwenyewe, kubwa: "Koo-moto! Juu, kulia!"

Darubini zote ziliinuka pamoja.

Lilikuwa jani.

"Bubu," Delphine aliuliza kwa adabu kubwa, "jani hilo ni dume au jike?"

"Ni changa," alidakia mwingine. "La mwaka huu."

Bwana Harlan alisema kila mmoja pale ameshawahi kutaja jani, na kwamba yeye aliwahi kutaja mfuko wa plastiki na kuuchora. Ilinisaidia kidogo. Tulipokuwa tunarudi Delphine alinipa nusu ya andazi lake lenye sukari, nami nikalila kwa hasira.

Septemba 8

Kusini. Kamati inakaa tarehe 16. Nina jani moja tu.

Septemba 10

Naandika haraka, uniwie radhi kwa mwandiko.

Alikuwa chini, karibu na beseni, mahali ambapo waimbaji wengi hawapendi kukaa. Mkubwa kuliko wenzake. Mgongo wa kijivu chenye ubluu na michirizi myeusi, tumbo la manjano kama limau, mkato mweupe juu ya jicho na mwingine chini yake. Nikajizuia. Nikajiambia ni jani. Halafu akatikisa mkia. Akautikisa tena, chini juu, chini juu, kama anayepima uzito wa kitu.

Yuko mwimbaji wa mitende anayetikisa mkia vilevile, na huyo ni wa kawaida, vuli hii watapita wengi. Lakini wa mitende ana rangi ya udongo mgongoni. Huyu alikuwa wa Kirtland. Wanazaa karibu wote kwenye misonobari michanga ya Michigan, kisha wanakwenda kwenye visiwa vya Bahama, na njiani hakuna anayewaona. Bwana Harlan amewatafuta hapa ziwani maisha yake yote ya kustaafu, na kila vuli husema labda safari hii.

Nilishika meza. Bi. Kertesz alidhani naumwa, akaniletea maji. Hapo nikaongea. Niliongea kwa muda ambao sijawahi kuongea na mtu mzima, yote kwa mkupuo: ndege huyu ni nani, kisiwa, kamati, jani, kwamba hakuna atakayeniamini bila shahidi. Alinisikiliza hadi mwisho huku akifuta mikono kwa aproni.

"Kwa hiyo unataka kuwaleta," alisema.

Nilisema hapana. Halafu nikasema ndiyo. Halafu nikaanza kulia.

Aliniacha nilie, akarudi kwenye sufuria yake. Baadaye, bila kugeuka, akasema: "Mmoja. Apitie jikoni. Simu asije nayo."

Septemba 11

Nilimchagua Bwana Harlan. Nani mwingine angetosha? Nilipomweleza ni nyumba ya nani alikaa chini kwenye bampa ya gari lake. Kumbe siku ile ya umati yeye ndiye aliyewaongoza. Si yeye aliyepanda pipa, wala darubini ile haikuwa yake, lakini yeye ndiye aliyewapigia simu. Kwa miaka minne amekuwa akivuka barabara kila anapomwona Bi. Kertesz.

Simu aliiacha garini. Bi. Kertesz alifungua mlango, akamtambua, na mimi nikafikiri basi, imekwisha. Bwana Harlan alivua kofia. Alimwomba radhi, maneno machache, bila kujieleza. Yule bibi alimtazama mpaka masikio ya Bwana Harlan yakawa mekundu. Kisha akamwambia avue viatu. Soksi yake moja ilikuwa na tundu, na nadhani hilo ndilo lililomwokoa.

Alimkatia mkate wa jozi na kuibwaga sahani mezani kama anapiga muhuri.

Ndege alitoka kwenye saa ya pili ya kusubiri. Bwana Harlan hakuinua darubini. Hakuhitaji, alikuwa karibu mno. Alinong'ona tu: "Utikise, bwana. Utikise mkia." Na ndege akatikisa.

Tumekubaliana hivi: ataiambia kamati kwamba nimemwona na yeye amethibitisha, na mahali hatapataja. Ametoa neno lake mbele yetu wote wawili. Nimerudi nyumbani nikikimbia. Mama ameniuliza nimeshinda nini. Kisiwa, nimemwambia, karibu nimeshinda kisiwa.

Septemba 12

Hii itakuwa ndefu.

Kabla ya kifungua kinywa Bwana Harlan alipiga simu. Jana alipofika garini alifanya anachofanya kila siku tangu astaafu: aliketi, akachukua simu na kuwatumia watazamaji wote orodha ya ndege wake wa asubuhi. Mkono ulijua njia. Mtaa wetu, mkia-moto, koo-moto, Kirtland. Aliagana nasi akiwa na nia njema kabisa na kidole chake kikaenda kazini. Alikuja kugundua usiku, akafuta. Sijui ni nani mwingine katika nchi hii angeweza kuvunja ahadi namna hiyo, kwa mazoea ya kuhesabu. Au najua: kila mtazamaji ninayemjua angeweza.

Nilitoka bila kuchana nywele. Delphine alikuwa tayari mtaani, kofia ya chungwa, anatembea polepole na kuchungulia kila ua.

"Bubu," alisema. "Yuko wapi?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeaminika, huwa sisemi kitu. Nikaenda nikasimama mbele ya geti la Bi. Kertesz, pale pale kwenye ubao, na hilo pekee lilikuwa jibu.

"Yuko humu," nilisema. "Nimemwona. Na hamtaingia."

"Hatuta nini?"

"Hamtaingia. Mlimchungulia mumewe akiogeshwa." Sauti ilikuwa inatetemeka lakini ilikuwa inatoka. "Wewe hukuwepo, najua. Lakini ukiingia wewe wataingia wote. Utapaza sauti, Delphine. Huwa unapaza."

Nilingoja anicheke. Alikuwa ananitazama kama anavyotazama ndege asiyemjua, kwanza umbo zima, halafu miguu.

"Kuna gari kutoka mji wa Toledo njiani," alisema hatimaye, taratibu. "Mtu na mkewe. Waliona orodha kabla Bwana Harlan hajafuta, wameniandikia. Wakija watawaambia wengine."

Mlango wa nyumba ulifunguka. Bi. Kertesz alikuwa na gauni la asubuhi na mwiko mkononi. Aliuliza tuko wangapi. Nikamwambia mmoja. Akamtazama Delphine kutoka chini hadi juu na kuishia juu.

"Aingie. Kofia hiyo aiache nje, itachachusha maziwa."

Delphine Rask alivua viatu. Aliketi kwenye kiti changu. Ndege alikuja mapema leo, kando ya beseni, manjano yote imelowa, akijitikisa maji. Nilimngoja Delphine ataje. Mkono wake ulipapasa meza, ukapata mkono wangu, ukaubana hadi ukauma. Hakutaja. Aliubana hivyo mpaka ndege alipoingia kichakani, na hata baada ya hapo. Mbona sikujua kwamba anapenda ndege hivi? Miezi yote nimekuwa nikidhani anapenda kuwa wa kwanza tu.

Kisha tukasikia milango ya gari.

Alinyanyuka, akavaa viatu bila kufunga kamba, akatoka kwa mlango wa mbele. Mimi nilimfuata hadi kwenye kona ya nyumba. Mtu na mkewe walikuwa wanashusha darubini kubwa, nyuso zinang'aa, na niliwaonea huruma, kwa sababu najua uso huo ulivyo kwa ndani.

"Poleni jamani," Delphine alisema kwa ile sauti yake inayofika Kanada. "Mmekuja bure. Ni wa mitende."

Mwanamume alisema orodha iliyotumwa ni ya Harlan Voight, na Voight hakosei.

"Hakukosea yeye. Mimi ndiye niliyempigia nikamwambia nimeona Kirtland, akaniamini, akaandika. Leo nimemtazama vizuri. Mgongo wa udongo kabisa. Nilidanganyika na mkia."

"Wa mitende," mwanamke alirudia. "Binti, hata watoto wanamjua wa mitende."

"Ndiyo hivyo," Delphine alisema. "Aibu yangu."

Mwanamume alicheka kidogo, si kwa ubaya, na hilo lilikuwa baya zaidi. Walirudisha darubini garini. Kabla hawajafika mwisho wa mtaa mwanamke alikuwa ameshainamia simu yake, nami nilijua anaandika nini.

Septemba 13

Mvua. Matembezi yameahirishwa. Kwenye kundi la simu wanamtania Delphine. Kuna aliyemchorea mtende wenye mkia. Amejibu kwa vicheko.

Septemba 14

Upepo wa kaskazini, anga safi. Ndege ameondoka. Beseni limejaa wengine. Bi. Kertesz aliniuliza sasa huyo yuko wapi, nikamwambia labda juu ya milima. Akasema anatumaini amekula vya kutosha.

Septemba 16

Wamenipa kisiwa.

Ushuhuda wa Bwana Harlan haukutolewa. Angesema lolote, wangejua ni mtaa gani. Kwa hiyo kwangu kulikuwa na jani tu, na kwa Delphine kulikuwa na vuli nzima ya kutaja sawasawa, na wa mitende mmoja. Mwenyekiti alisema kituo hakiwezi kumpokea mtu mwenye haraka ya kutangaza. Heri mwenye shaka, alisema, akanipa mkono. Nilitazama upande wa Bwana Harlan. Alikuwa anatazama meza. Baadaye aliniambia jana yake alimfuata Delphine gereji kwa baba yake, akamwambia atasimama na kusema ukweli wote. Delphine alimfukuza na spana.

Nilikwenda mwenyewe. Alikuwa chini ya gari, miguu tu inaonekana. Niliiambia miguu kwamba nitakataa, kwamba nafasi ni yake.

"Ukikataa watauliza kwa nini," ilisema miguu.

"Nitawaambia."

Alijivuta nje, uso mzima grisi. "Utawaambia nini? Kwamba hakuwa wa mitende? Kabla ya chakula cha mchana bustani ya yule bibi itakuwa uwanja wa mpira. Na mwakani pia, na mwaka utakaofuata, watakuja kuangalia kama amerudi."

"Lakini kisiwa ulikitaka."

"Nilikitaka sana. Bado nakitaka." Alijifuta kwa kitambaa, akachafuka zaidi. "Nilimwona, Marnie. Alikuwa karibu kama hilo tairi. Sasa nenda kawavishe pete, na ukimwona mtu taja kwa sauti, usiniaibishe."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina.

Septemba 18

Boti ni kesho asubuhi. Mama amenifungia nyanya kana kwamba kisiwani hawali. Jioni upepo umegeuka kaskazini na mierebi imeanza kutikisika yenyewe, na mimi siwezi kukaa kwenye kiti. Nimeinuka mara tatu wakati naandika hii. Huko niendako watakuwa mikononi mwangu. Nitausikia moyo wao kwenye vidole.

Nimepita kumuaga Bi. Kertesz na nimemkuta Delphine jikoni, miguu mitupu, akila mkate wa jozi. Ameruhusiwa siku za Jumanne na Ijumaa. Kofia ilikuwa imetundikwa nje kwenye ubao.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, sasa unajua mtaa, bomba na beseni, nami sina namna ya kukusahaulisha. Ninachokuomba ni kigumu kidogo. Siku moja, chini ya miti fulani, utasikia watu wenye darubini wakisimuliana kuhusu yule msichana wa kofia ya chungwa aliyeshindwa kumjua ndege ambaye hata watoto wanamjua. Watacheka sana, kwa sababu wanaisimulia vizuri. Utatamani kumtetea. Tafadhali usimtetee. Waache wacheke, na wewe tazama juu matawini kama hujasikia.